Usinunue Megabiti Kabla Hujaigusa Swichi

Ofisi nyingi zilizohamishia simu zake za mezani kwenye mtandao wa kompyuta huishia kwenye malalamiko yaleyale: sauti inakatikakatika, maneno yanamezwa, mteja analazimika kurudia jina lake mara tatu, na wakati mwingine upande mmoja unasikia vizuri ilhali mwingine unaambulia vipande. Hatua inayofuata karibu kila mara ni kumpigia mtoa huduma wa intaneti na kuomba kifurushi kikubwa zaidi. Bili inapanda, bosi anatulia kwa muda, kisha malalamiko yanarudi. Hoja ya makala haya ni kwamba katika ofisi yenye simu kumi, ishirini au hamsini, kinachoiharibu sauti mara nyingi ni kule kusubirishwa ndani ya vifaa vya ofisi yenyewe, wala si wembamba wa njia ya kutokea nje. Na swichi inayosimamiwa, ile iliyokaa kabatini na mipangilio ya kiwandani tangu siku iliponunuliwa, ina uwezo wa kuondoa sehemu kubwa ya adha hiyo bila ofisi kutoa hata shilingi ya ziada.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayokata ubishi huu. Kodeki ya G.711, inayopatikana karibu katika kila simu ya mezani ya mtandao, huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 8. Hizo ni kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kawaida simu hukusanya milisekunde 20 za sauti, yaani baiti 160, ikazifunga katika pakiti moja na kuituma. Kila mzungumzaji basi hutoa pakiti 50 kwa sekunde. Juu ya baiti hizo 160 huongezwa 12 za RTP, 8 za UDP, 20 za IP na 18 za Ethaneti, ndipo matumizi halisi yanapofikia kilobiti 87 hivi kwa kila upande. Sasa chukua simu 20 zikiwa na mazungumzo kwa wakati mmoja, hali ambayo ofisi nyingi hazifikii hata siku ya pilikapilika kubwa. Ni megabiti 1.75 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Kwenye waya wa gigabiti 1 unaounganisha swichi mbili, hiyo haifiki asilimia 0.2 ya nafasi iliyopo. Hata kwenye waya wa zamani wa megabiti 100 haifiki asilimia 2. Anayesema mtandao wa ndani umezidiwa na sauti hana tarakimu za kumuunga mkono.

Kitu ambacho sauti inakidai kwa ukali ni muda. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linaweka milisekunde 150 kwa upande mmoja kuwa kiwango ambacho watu wengi huzungumza bila kuona usumbufu. Ukikigawa kiwango hicho, utaona kinavyokwisha upesi. Milisekunde 20 zinatumika kukusanya pakiti tu. Simu inayopokea nayo hushikilia pakiti kwa makumi ya milisekunde katika bafa yake, ili zilizofika mapema zizingoje zilizochelewa na sauti itoke kwa mfululizo. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi za kioo hutumia kama milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000, kwa hiyo ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa ambayo mtambo wake wa simu uko kwenye seva ya Ulaya, umbali wa kebo wa kilomita 10,000 au zaidi, imekwisha kupoteza milisekunde 50 kabla kifaa chochote hakijafanya kazi yake. Kinachobaki kwa ajili ya swichi, ruta na foleni za ofisini ni kidogo. Zaidi ya hapo, kipande cha faili kikipotea, TCP hukituma tena na mtumiaji hajui kilichotokea. Sauti husafiri kwa UDP, na hakuna faida ya kuirudia silabi ambayo zamu yake ya kusikika imepita. Pakiti ya sauti iliyochelewa kupita uvumilivu wa bafa hutupwa, na kwa sikio la mpigaji ni sawa na iliyopotea njiani.

Foleni yenyewe hutokea wapi? Twende mahali pamoja ambapo watu wengi hawapaangalii: poti ya swichi inayoelekea kwenye dawati la mfanyakazi. Ukutani kuna tundu moja la mtandao, simu imechomekwa hapo, na kompyuta imechomekwa nyuma ya simu. Simu nyingi za bei nafuu zina poti za megabiti 100. Seva ya mafaili, kwa upande wake, imeunganishwa kwa gigabiti 1. Mfanyakazi anapofungua faili kubwa kutoka kwenye seva huku akizungumza na mteja, data inaingia kwenye swichi kwa kasi mara kumi ya ile inayoweza kutokea kwenye poti yake. Ziada hukaa kwenye kumbukumbu ya swichi ikingoja zamu. Ikiwa foleni hiyo imefika megabaiti 1, sawa na megabiti 8, poti ya megabiti 100 itahitaji milisekunde 80 kuimaliza. Pakiti ya sauti ya mteja inayofika nyuma ya foleni hiyo hungoja milisekunde zote 80, na kumbukumbu ikiwa imejaa hutupwa pamoja na nyingine, kwani swichi ambayo haijaelekezwa haijui tofauti kati ya neno la mteja na kipande cha faili. Ni bodaboda iliyokwama nyuma ya msafara wa malori kwenye daraja la njia moja.

Dalili ya hali hii inatambulika kwa urahisi ukijua cha kutafuta. Mfanyakazi ndiye anayesikia maneno yaliyokatika. Mteja aliye upande wa pili anamsikia vizuri kabisa, kwa sababu sauti inayotoka kwenye simu hupewa nafasi ya kwanza na kiswichi kidogo kilicho ndani ya simu hiyo. Kabla ya kugusa chochote, basi, uliza nani hasikii, na anapofanya nini. Jibu hilo ni la thamani kuliko grafu. Grafu za matumizi ambazo mafundi huzitegemea huonyesha wastani wa dakika tano, na milisekunde 80 za kujaa kabisa ndani ya dakika tano ni asilimia 0.03 tu. Poti itaonekana imelala usingizi, wakati ndani yake sauti inasagwa mara kadhaa kwa saa. Ndiyo maana fundi anaweza kuapa kwamba mtandao ni mzima na mhudumu wa mapokezi akaapa kwamba simu ni mbovu, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kabla ya kupanga vipaumbele, hata hivyo, safisha njia. Hakuna kipaumbele kinachoweza kuokoa pakiti inayoharibikia kwenye waya. Fungua ukurasa wa takwimu za poti na utazame makosa ya CRC: yakiwa yanaongezeka, kebo ni mbovu, kichwa chake kimebanwa vibaya, au pande mbili hazikubaliani namna ya kutuma. Hili la mwisho huzaliwa na fundi aliyelazimisha kasi na fulu dupleksi upande mmoja akaacha upande wa pili ujipangie wenyewe. Upande unaojipangia, usipopata jibu, huangukia hafu dupleksi, yaani kupokezana zamu, na tangu hapo pakiti zinagongana kila mzigo unapoongezeka. Acha pande zote mbili zijipangie. Zima pia uokoaji wa umeme wa Ethaneti, kiwango cha 802.3az, kwenye poti za simu na zile zinazounganisha swichi, kwa kuwa kulala na kuamka kwa poti kumeleta matatizo kwa aina kadhaa za simu na umeme unaookolewa ni kidogo mno. Zima vilevile udhibiti wa mtiririko wa 802.3x. Huo hufanya kazi kwa kuiamuru poti nzima isimame, na poti ikisimama, sauti inasimama nayo.

Umeme wa simu zenyewe unastahili jicho la karibu zaidi, hasa kwetu ambako kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 kinairuhusu swichi kutoa umeme wa hadi wati 15.4 kwa kila poti kupitia waya wa mtandao. Poti 24 kwa wati 15.4 ni karibu wati 370, lakini swichi nyingi za poti 24 zinazouzwa madukani zina bajeti ya chini ya wati 200 kwa poti zote pamoja. Kwa simu za kawaida, ambazo kila moja hula wati chache, bajeti hiyo inatosha. Haitoshi pale ofisi inapoongeza kamera na vifaa vya Wi-Fi kwenye swichi hiyohiyo bila kupiga hesabu. Umeme unaporudi baada ya kukatika, vyote huamka kwa pamoja, swichi inafikia kikomo, na baadhi ya poti zinanyimwa. Swichi inayosimamiwa hukuruhusu kupanga nani asinyimwe: zipe poti za mapokezi, za ulinzi na za dharura daraja la juu la umeme, na kamera ya maegesho daraja la chini. UPS nayo ibebe swichi, ruta na mtambo wa simu kwa pamoja. UPS inayobeba seva peke yake huku swichi ikizimika haijamsaidia mtu yeyote aliyeshika simu.

Sasa tuje kwenye VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile. Itenge sauti katika VLAN yake, tuseme data ibaki 10 na sauti iwe 20. Poti ya dawati itapitisha data ya kompyuta bila lebo, na sauti ya simu ikiwa na lebo ya 802.1Q yenye namba 20. Kwenye menyu za swichi nyingi utakuta mpangilio huu kwa jina la "Voice VLAN". Simu itaijuaje namba hiyo? Njia safi ni LLDP-MED, kiwango kilichotolewa mwaka 2006 kwa namba ANSI/TIA-1057, ambacho kwacho swichi huitangazia simu VLAN ya kutumia pamoja na alama za kipaumbele za kuweka. Swichi nyingine hukupa njia ya kuitambua simu kwa tarakimu za mwanzo za anwani yake ya MAC, zile zinazomtaja mtengenezaji. Njia hiyo inafanya kazi hadi siku mnaponunua simu za kampuni nyingine ambazo hazimo kwenye orodha. Hizo zitajikuta kwenye VLAN ya data bila yeyote kutambua. Kama simu zako zinaelewa LLDP-MED, itumie hiyo. Kisha hakikisha VLAN ya sauti imeruhusiwa kwenye kila poti inayounganisha swichi na swichi, na swichi na ruta. Kiungo kimoja kikisahaulika katikati, simu za ghorofa nzima hukosa anwani, na watu huanza kulaumu simu.

Hapa pana dhana potofu inayohitaji kuondolewa kwa nguvu. VLAN peke yake haiipi sauti kipaumbele chochote. Inatenganisha matangazo ya mtandao, inarahisisha kupanga anwani na usalama, inakupa mahali pamoja pa kuweka sheria; lakini pakiti za VLAN 10 na za VLAN 20 zinapita kwenye waya uleule na kungoja kwenye poti ileile. Aliyetenga VLAN akaishia hapo amebadilisha mpangilio wa karatasi, na foleni imebaki kama ilivyokuwa. Kazi yenyewe ipo kwenye alama, na kwenye jinsi swichi inavyoziheshimu alama hizo.

Alama ni mbili. Ya kwanza ipo kwenye lebo ya 802.1Q: biti tatu zinazotoa daraja kuanzia 0 hadi 7, na kwa desturi sauti hupewa 5. Ya pili ipo kwenye kichwa cha pakiti ya IP na huitwa DSCP. Ina biti sita, na sauti hupewa 46, thamani iliyokubalika kwa pakiti zisizotakiwa kusubiri. Ujumbe wa kupiga na kupokea simu, yaani SIP, kwa kawaida hupewa 24 au 26. Kati ya hizo mbili, itegemee DSCP popote swichi inapokuruhusu, kwa kuwa hubaki na pakiti inapovuka ruta, ilhali alama ya 802.1Q hupotea lebo inapovuliwa. Simu karibu zote huweka 46 zenyewe. Tatizo huwa kwenye swichi, na linakuja kwa sura mbili zinazopingana. Kuna swichi ambayo haiziangalii alama kabisa hadi uiambie. Na kuna swichi ambayo ukiwasha huduma ya vipaumbele, inaanza kwa kutomwamini yeyote na kuzifuta alama zote kuwa 0. Cisco Catalyst za zamani, kama 2960 na 3750, zilikuwa na tabia hiyo. Fundi aliyewasha kipaumbele kwenye swichi ya namna hiyo bila kutangaza poti zinazoaminika amefanya mambo yawe mabaya zaidi huku akiamini ameyaboresha.

Nani aaminiwe, basi? Jibu langu ni simu peke yake. Iamini alama ya pakiti zinazoingia kwa VLAN ya sauti, na zile za VLAN ya data zirudishwe kuwa 0 kwenye mlango wa kuingilia. Kompyuta inaweza kuweka 46 kwenye pakiti yoyote ile, kwa makosa au kwa hila, na ukiiamini utakuwa umeruhusu faili la mtu mmoja lipite mbele ya mazungumzo ya ofisi nzima. Mtu anaweza kupinga kwamba siku hizi wengi hawana simu ya mezani, wanazungumza kwa programu ndani ya kompyuta, na sauti yao itabaki nje ya sheria hii. Pingamizi hilo ni la haki. Dawa yake ni kuandika sheria finyu inayoitambua sauti ya programu husika: Microsoft Teams, kwa mfano, hutumia poti za UDP 50000 hadi 50019 kwa sauti ya kompyuta pale msimamizi anapowasha mpangilio huo. Swichi ikiambiwa kuipa 46 data inayotoka kwenye poti hizo, na 0 kwa iliyobaki, sauti ya programu italindwa bila kumfungulia kila mtu mlango.

Baada ya alama ndipo foleni zenyewe. Swichi ya kawaida inayosimamiwa ina foleni 4 au 8 kwa kila poti, na jedwali linaloonyesha alama gani inaingia foleni gani. Lifungue jedwali hilo ulione kwa macho, usibuni. Iambie 46 iende foleni ya juu kabisa, na foleni hiyo uipe kipaumbele kamili, maana yake ihudumiwe kila inapokuwa na kitu, kabla ya nyingine zote. Foleni zilizobaki zigawane kwa uzito. SIP haihitaji kipaumbele kamili. Inahitaji uhakika wa kupita, basi iweke kwenye foleni inayofuata. Wapo wanaohofia kwamba kipaumbele kamili kitaifanya data ikose nafasi. Hofu hiyo ina msingi pale foleni ya juu inapoingiwa na kila mtu. Lakini tumeona kwamba simu 20 zinatumia megabiti 1.75; kwenye poti ya gigabiti, data haitahisi chochote. Ukiwa umeulinda mlango kama nilivyoeleza, kipaumbele kamili ni salama, na kama swichi yako inaruhusu kuweka kikomo cha foleni ya juu, weka kikomo chini ya theluthi moja ya waya uwe na amani zaidi.

Mipangilio hii ifanane kwenye swichi zote ambazo sauti inapita. Swichi nne zikiwa sawa na ya tano ikawa ile isiyosimamiwa, iliyonunuliwa haraka mwaka juzi na kufichwa chini ya meza ya uhasibu, sauti itaharibikia hapo hapo. Hili linajibu pia wale wanaosema ofisi yao ni ndogo na swichi isiyosimamiwa inatosha. Inaweza kutosha, ndiyo, kama simu zina waya wake na kompyuta hazipiti nyuma yake. Lakini siku moja tu ya kunakili mafaili mengi kuelekea seva moja inatosha kuonyesha kwamba udogo wa ofisi hauzuii foleni. Kinachoileta ni kompyuta mbili za gigabiti kutaka kutokea kwenye poti moja ya gigabiti kwa wakati mmoja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wanaosema tatizo liko nje. Intaneti ya umma haiheshimu DSCP, pakiti yenye 46 na yenye 0 hutendewa sawa zikishatoka ofisini, sasa yote haya ni ya nini? Ni kweli kwamba huwezi kuiamuru intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, huduma ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, na hakuna mpangilio wa swichi ambao ungeizuia hali hiyo. Lakini simu za ndani za ofisi yenye mtambo wake mwenyewe hazipiti baharini, na kwenye hizo udhuru huo hausimami. Hata kwa simu za nje, sehemu finyu kuliko zote ni ile ya kutokea ofisini kwenda kwa mtoa huduma, na hiyo iko mikononi mwako. Pakiti kubwa ya data ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 6 kupita kwenye njia ya megabiti 2. Kumi zikitangulia, sauti imesubiri 60. Iwekee ruta kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya kupakia, tuseme megabiti 9 kwenye njia ya 10, ili foleni ikae ndani ya ruta yako unayoiongoza badala ya kukaa kwenye kifaa cha mtoa huduma usichokigusa. Hapo 46 yako ina maana tena. Na ukishafanya hivyo ndipo unapoweza kumwendea mtoa huduma ukiwa na ushahidi, badala ya kumwendea ukiwa na hasira.

Jambo moja zaidi la kwenye swichi: kinga dhidi ya kitanzi. Simu ina matundu mawili nyuma, na mtu anayehamisha dawati anaweza kuchomeka yote mawili ukutani kwa nia njema kabisa. Pakiti za matangazo huanza kuzunguka bila kikomo na mtandao mzima unazimia, simu zikiwa za kwanza. Washa RSTP, itifaki inayozuia vitanzi, tangaza poti za madawati kuwa poti za pembeni ili zipitishe data papo hapo, na washa ulinzi unaofunga poti inayopokea BPDU, ujumbe ambao swichi hutumiana. STP ya kale, iliyotangulia RSTP, huishikilia poti kwa sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Simu inayowashwa hapo inaweza kukata tamaa ya kupata anwani, na fundi akadhani simu imekufa.

Ukimaliza, usiamini kwamba kazi imefanyika kwa sababu menyu imekubali. Jaribu. Piga simu kutoka dawati moja kwenda jingine, kisha ujaze njia kwa makusudi kwa programu ya iperf, au kwa kunakili faili kubwa kwenda kwenye kompyuta iliyo nyuma ya simu hiyohiyo. Sauti ikibaki safi, vizuri; ikikatika, bado kuna mahali hapajakaa sawa. Ili upajue, nakili data ya poti husika kwa kuiakisi kwenye kompyuta yenye Wireshark, fungua uchambuzi wa RTP, na utazame mambo matatu: pakiti zilizopotea, ambazo zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 1, kuyumba kwa muda wa kufika, kuwe chini ya milisekunde 30, na thamani ya DSCP. Fanya hivyo mwanzo wa njia na mwisho wake. Ukiona 46 inaingia na 0 inatoka, umempata mkosaji, na ni kifaa kilicho katikati ya vipimo vyako viwili. Tazama pia kihesabio cha pakiti zilizotupwa kwenye foleni ya juu. Kisome leo, kisome tena baada ya wiki ya kazi. Tarakimu inapaswa kubaki ilipokuwa.

Kisha hifadhi mipangilio. Swichi nyingi hufanya kazi kwa mipangilio iliyo kwenye kumbukumbu ya muda, na usipotoa amri ya kuihifadhi, kama "write memory" kwenye Cisco, kila ulichokifanya kinafutika umeme unapokatika. Toa nakala uiweke nje ya swichi, na uandike kwa lugha inayoeleweka VLAN zako, poti za simu na alama ulizochagua, ili fundi atakayekuja baada yako asianze upya. Halafu, ofisi ikishafungwa jioni, izime swichi makusudi, iwashe, ngoja simu ziamke, inua mkono wa simu upige namba ya nje. Kama VLAN ya sauti imepotea, ni heri ulijue jioni hiyo kuliko Jumatatu asubuhi mgonjwa anapoipigia zahanati. Na kama kila kitu kimerudi mahali pake, lile ombi la megabiti zaidi liache kwanza mezani.